Tangi dogo la maji ya chumvi kwa matumbawe laini: mwongozo kamili kuanzia kioo kitupu

Chukua tangi lenye lita 20 za maji ya chumvi, ukali wake 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, kama ilivyo kwenye bahari kuu. Lita moja ya maji ikikauka, chumvi haiondoki nayo. Inabaki yote, sasa ndani ya lita 19, na kiwango kinafika karibu 37. Kwenye tangi la lita 400, lita hiyohiyo ikikauka hakuna kiumbe atakayehisi chochote. Ugumu wa tangi dogo uko hapo, ndiyo maana nitazungumzia chumvi na maji ya kujazia kuliko taa na mashine. Ukiweza kuituliza chumvi mahali pamoja wiki baada ya wiki, matumbawe laini yatakua na kuzaana ndani ya chombo kinachoenea juu ya meza.

Kwa nini laini? Matumbawe magumu hujenga mifupa ya chokaa, na kwa ujenzi huo huvuta kalsiamu na alkaliniti (kaboneti na bikaboneti zinazozuia maji yasigeuke asidi) kutoka majini usiku na mchana. Ndani ya lita 30, koloni chache zinazokua vizuri zinaweza kushusha alkaliniti kwa kiasi cha kupimika kwa siku moja, na hapo unalazimika kudondoshea kemikali kila siku. Matumbawe laini yana vijiti vidogo sana vya chokaa vilivyotawanyika mwilini, basi. Chumvi mpya inayoingia unapobadilisha maji inayatosha. Tena yanavumilia nitrati na fosfati kiasi, na sehemu kubwa ya chakula chao hutengenezwa na mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama yao, ambao unachohitaji ni mwanga.

Wafugaji huita "laini" makundi ambayo wanasayansi huyatenganisha. Matumbawe laini yenyewe yana minyiri minane kwenye kila polipu, yaani kila mnyama mdogo kati ya wengi wanaounda tumbawe, na kila mnyiri una vijitawi pembeni kama unyoya. Matumbawe ya uyoga na zoantidi, zile polipu ndogo zinazotandaa juu ya jiwe, yako kwenye tawi jingine kabisa la ukoo. Kwa malezi ya tangini yote yanakaa pamoja vizuri, kwa hiyo nitayataja kwa pamoja.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pa kuliweka

Ushauri wangu ni lita 30 hadi 40. Chini ya 20 inawezekana, lakini kila kosa dogo linakuwa kubwa, na anayeanza hana haja ya kujitesa. Chagua tangi pana kuliko refu kwenda juu: uso mpana wa maji huingiza oksijeni zaidi, taa inafika chini kwa urahisi, na mkono wako unafika kila kona. Matangi yenye vyumba vya kuchujia nyuma ya kioo cha ndani yanafaa sana kwa sababu hita, pampu na mkaa wa kuchujia maji vinajificha huko.

Lita 30 za maji ya chumvi zina uzito wa kilo 31 hivi. Ongeza mawe, mchanga na kioo chenyewe, unapita kilo 40. Meza iwe imara na imenyooka. Tumia pima maji ya fundi, usikadirie kwa macho. Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa sababu jua hupandisha joto mchana na kulisha mwani usioutaka.

Kabla ya kitu kingine, lijaze maji ya kawaida na uliache siku nzima ukitazama maungio. Tangi linalovuja ni afadhali livuje leo.

Nyaya zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia. Maji ya chumvi yanayotiririka kwenye waya yatadondoka sakafuni pale kwenye kipindo, hayatafika kwenye umeme. Kama unaweza, weka na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Chumvi hupanda kwenye nyaya na kujikusanya kama ukoko mweupe, hivyo fanya mazoea ya kuzifuta.

Hatua ya 2: Vifaa

Hita ndicho kifaa cha kukifikiria zaidi, kwa kuwa hita zinapokufa mara nyingi hukwama zikiwa zinawaka. Hita ya wati 50 inatosha lita 30 katika nyumba isiyo na baridi kali. Usinunue ya wati 150 ukidhani ni usalama: ikikwama, hiyo itayachemsha matumbawe kabla hujaamka, na ile ndogo itakuachia muda wa kugundua. Iunganishe na kidhibiti joto cha pembeni kinachokata umeme ikipitiliza. Lenga nyuzi joto 25. Kati ya 24 na 26 ni salama.

Nyumba ya joto ina tatizo la upande wa pili. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inaweza kushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyakausha, na ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Ila kumbuka hesabu ya mwanzo: kadiri feni inavyopoza, ndivyo chumvi inavyopanda na ndivyo utakavyojazia maji zaidi.

Mkondo wa maji uwe mara 10 hadi 20 ya ujazo kwa saa, yaani pampu ya lita 300 hadi 600 kwa saa kwenye tangi la lita 30. Namba hiyo ni ya kununulia tu. Baada ya hapo tazama polipu zenyewe: zikiyumba huku na huku, mkondo ni mzuri, zikilala upande mmoja muda wote, uelekeze mtiririko kwenye kioo ili urudi ukiwa umevunjika nguvu. Pampu pia ipige uso wa maji uchezecheze, maana oksijeni huingilia hapo.

Taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, yenye rangi ya buluu kwa wingi, ndiyo inayotakiwa. Matumbawe laini mengi yanaridhika na PAR (kipimo cha mwanga unaoweza kutumiwa na mwani) ya 50 hadi 150, kiwango ambacho taa ndogo nyingi hukifikia bila kuwashwa kikamilifu. Tafuta taa ambayo mwangaza wake unaweza kupunguzwa, na uifunge kwenye saa ya kuwasha na kuzima, iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku.

Chujio la povu, mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa, halihitajiki kwa ukubwa huu. Kubadilisha maji kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Fedha hiyo ipeleke kwenye refraktomita ya kupimia chumvi, vipimo vya amonia, nitriti, nitrati, fosfati na alkaliniti, kipimajoto cha pili cha kuhakikishia cha kwanza, na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya bomba yana klorini au kloramini, na mara nyingi yana nitrati, fosfati, silika, hata shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba huua viumbe wasio na uti wa mgongo kwa viwango vidogo mno, na hao ndio unaowafuga. Tumia maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya osmosi na resini, mpaka mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Kama huna mashine, nunua maji ya aina hiyo au maji yaliyokenekwa. Tangi dogo lina unafuu wake hapa: mahitaji ya wiki nzima yanabebeka mkononi.

Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu za matumbawe. Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu tu, na bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, bikaboneti na mengine mengi ambayo bila hayo matumbawe hayaishi.

Weka maji kwenye ndoo kwanza, yapashe hadi nyuzi 25, washa pampu ndogo ndani yake, kisha mimina chumvi kidogo kidogo. Usitangulize chumvi halafu ukamwaga maji juu yake. Pale chini chumvi inakuwa kali kupita kiasi, kalsiamu na kaboneti hushikana na kuganda kuwa unga mweupe, na unga huo haurudi tena majini. Fuata vipimo vya pakiti, ambavyo kwa kawaida ni gramu 35 hadi 40 kwa lita kwa kuwa chumvi kavu hubeba unyevu wake. Ipe saa kadhaa mpaka maji yawe maangavu kabisa, ndipo upime.

Refraktomita isahihishwe kwa kimiminika maalumu cha 35 kwa elfu. Ukiisahihisha kwa maji matamu peke yake inaweza kusoma sawa kwenye sifuri na kupotoka huku juu unakokuhitaji. Lenga 35, au 1.026 kwa kipimo cha uzito linganishi kwenye nyuzi 25. Na chumvi isiyeyushwe kamwe ndani ya tangi lenye viumbe.

Hatua ya 4: Mawe na mchanga

Mawe ndiyo chujio lenu kuu, kwa maana bakteria wanaosafisha maji wanaishi ndani ya vitundu vyake. Kilo 3 hadi 4 zinatosha lita 30. Ukizidisha, unapoteza maji na nafasi ya matumbawe kukua. Mawe makavu hayana wadudu waharibifu, ila yanaanza bila uhai wowote. Mawe hai yanakuja na bakteria, minyoo mizuri na mwani wa waridi, lakini yanaweza pia kubeba kaa wakorofi na Aiptasia, anemoni ndogo ya kahawia inayozaliana upesi na kuchoma jirani zake. Mimi huchagua mawe makavu na kipande kimoja cha jiwe hai kutoka kwenye tangi nililoliona kwa macho yangu.

Yapange juu ya kioo kabla ya mchanga, yasije yakaanguka kiumbe mchimbaji akichimbua chini yake. Acha upana wa vidole vitatu kati ya mawe na vioo ili kifutio kipite. La muhimu kuliko yote, tenga jiwe moja likae peke yake mchangani, halijagusana na mengine. Hilo ni la matumbawe yanayotambaa, na utanishukuru mwaka ujao.

Mchanga wa aragonaiti, aina ya chokaa, wenye punje za milimita 1 hadi 2, kina cha sentimita 2 au 3. Uoshe kwanza hadi maji yatoke safi. Mchanga laini zaidi ya huo hurushwa na pampu na kukaa juu ya matumbawe.

Hatua ya 5: Kulikomaza tangi

Jaza maji ya chumvi, washa pampu na hita, acha taa ikiwa imezimwa. Sasa unasubiri makundi mawili ya bakteria yajijenge: la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, la pili linageuza nitriti kuwa nitrati. Samaki hawahitajiki kwa kazi hii, na kumtia samaki kwenye amonia ili kuanzisha tangi ni kumtesa bure. Tumia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni, ukifikisha miligramu 2 kwa lita. Bakteria wa chupa huharakisha.

Pima kila baada ya siku mbili au tatu. Amonia itashuka, nitriti itapanda juu sana, kisha nayo itaanguka. Usihangaike na kipimo cha nitrati wakati nitriti ingali juu, kwa sababu nitriti hukidanganya kionyeshe kiwango kikubwa kuliko kilichopo. Tangi limekomaa pale unapotia amonia miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Kwa mawe makavu hesabu wiki 3 hadi 6. Hapo badilisha nusu ya maji au zaidi ili kuteremsha nitrati.

Kisha washa taa kwa mwangaza mdogo na uingize konokono: Trochus wawili watatu wanatosha. Tangi litakuwa baya kwa muda. Unga wa kahawia utafunika mchanga, huo ni diatomu wanaokula silika, na wataondoka wenyewe. Baada yao huja mwani wa kijani, na pengine utando mwekundu wa sianobakteria ambao unafyonzwa kwa mpira wakati wa kubadilisha maji. Wengi hukata tamaa hapa wakamwaga dawa. Usimwage chochote. Fyonza, futa, badilisha maji, subiri.

Hatua ya 6: Maji ya kujazia

Huu ndio moyo wa mwongozo wote. Chumvi ikishatulia kwenye 35, bandika kipande kidogo cha tepu kwenye kioo, ukingo wake wa juu ukiwa sawasawa na uso wa maji pampu zikiwa zinafanya kazi. Kwenye tangi lenye vyumba nyuma, bandika kwenye chumba cha pampu, kwa kuwa upungufu wote huonekana pale. Upande wa mbele haubadiliki.

Kila siku, saa ileile, jazia maji matamu safi mpaka yafike kwenye tepu. Matamu, si ya chumvi: kilichokauka ni maji peke yake. Maji ya chumvi yanaingia siku ya kubadilisha tu. Kifuniko cha kioo kilichoachiwa nafasi upande mmoja hupunguza sana ukaukaji bila kuziba hewa.

Kifaa cha kujazia chenye kihisio kinafanya kazi hii mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, vizuri kuliko mkono wowote. Nakipendekeza kuliko taa ghali. Hofu yake ni kihisio kukwama na pampu kumwaga hifadhi yote tangini. Kinga iko kwenye ukubwa wa hifadhi. Lita 2 zote zikiingia kwenye lita 30, chumvi inateremka kutoka 35 hadi 33 hivi. Matumbawe yatajikunja, yatapona. Lita 10 zikiingia zitayaua, na sakafu italowa. Weka hifadhi ndogo na uijaze mara nyingi.

Hatua ya 7: Kuchagua matumbawe

Subiri hadi mwani upungue na vipimo vitulie wiki mbili mfululizo. Anza na vipande viwili vitatu.

Uyoga wa Discosoma na Rhodactis ndio wavumilivu kuliko wote. Waweke chini, mwanga hafifu, mkondo mdogo. Wanazaana kwa kuacha vipande vya mguu wao juu ya jiwe, kila kipande kinakuwa uyoga.

Zoanthus ana polipu ndogo za rangi nyingi mno na hufunika jiwe taratibu. Mwanga wa kati unamfaa. Soma sehemu ya sumu hapa chini kabla hujamshika.

Matumbawe ya ngozi, Sarcophyton na Sinularia, yana umbo la kupendeza, ila Sarcophyton hutanuka kupita sentimita 30 akiachiwa. Kwenye tangi letu utamkata mara kwa mara. Capnella, ambaye wafugaji humwita mti wa Kenya, hudondosha matawi yake mwenyewe na kila tawi linashika mizizi linapoangukia.

Halafu wapo wavamizi: Briareum wa nyota za kijani, na Xenia ambaye polipu zake hufumba na kufumbua muda wote kama ngumi. Ni wazuri, na nisingekosa kuwa nao, lakini mahali pao ni lile jiwe ulilolitenga. Wakishafika kwenye mwamba mkuu hawaondoki, na watawafunika wengine wote.

Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, ambavyo vimeshazoea maisha ya taa na chumvi ya kutengenezwa. Kuvunja matumbawe baharini kunaharibu mwamba ambao umechukua miaka mingi kujengeka, na nchi nyingi zinakataza bila kibali. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kupitia Kiambatisho cha II. Ndugu wawili wa matumbawe laini wanaojenga mifupa, Tubipora musica mwekundu na Heliopora coerulea wa buluu, nao wamo humo.

Sumu ya zoantidi

Baadhi ya zoantidi, hasa jenasi ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana kutoka kwa viumbe wa baharini. Kwa macho ni vigumu kujua aliye nayo, kwa hiyo wachukulie wote kuwa nayo.

Vaa glavu na miwani ya kinga unapowashika au kuwakata, maana polipu ikibanwa inaweza kurusha maji usoni. Usiwaguse ukiwa na kidonda mkononi. Jiwe lenye zoantidi lisichemshwe, lisimwagiwe maji ya moto, lisisuguliwe kwa brashi nje ya maji, lisitiwe kwenye maikrowevu: mvuke na matone hubeba sumu hewani, na familia nzima zimewahi kulazwa kwa kuvuta hewa hiyo. Ndoo na visu vya tangi visirudi jikoni. Mtu akipata ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli, kupumua kwa shida au macho kuwaka baada ya kazi ya tangi, atoke kwenye chumba hicho aende hospitali mara moja, na amwambie daktari neno palitoksini, kwa sababu huenda asilifikirie mwenyewe.

Kwa tahadhari hizo zoantidi wanafugika. Kwenye nyumba ya watoto wadogo wanaofika kwenye tangi, mimi ningewaacha.

Hatua ya 8: Kuyaingiza na kuyabandika

Acha mfuko wenye tumbawe uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kisha mimina kilichomo kwenye chombo na udondoshee maji ya tangi kwa nusu saa. Baada ya hapo tumbukiza kipande kwenye dawa ya kuogeshea matumbawe kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, ukikitikisa polepole, na utazame kinachodondoka chini. Geuza kipande uangalie upande wa chini kwa tochi: mayai ya konokono uchi huonekana kama uzi mweupe uliojiviringa, na dawa haiyaui, kwa hivyo yakwangue. Suuza, ingiza tangini, maji ya mfuko yamwage nje.

Wiki ya kwanza kiweke chini, hata kama mahali pake pa kudumu ni juu. Ukipandisha mwangaza, pandisha kidogo kila wiki.

Gundi nzito ya papo hapo ya sianoakrilati inashika vipande vyenye kigingi au jiwe chini yake. Kausha kigingi kwa karatasi, weka tone, kibonyeze kwenye mwamba ukikizungusha ili kuvunja utando wa gundi unaojitengeneza majini. Uyoga usio na jiwe hautashika gundi, kwa kuwa ute wake unateleza na baada ya muda mfupi utauona ukielea. Uweke kwenye kikombe kidogo chenye vijiwe, funga wavu juu, kiache penye mkondo hafifu. Ndani ya wiki moja au mbili utakuwa umejishikiza wenyewe kwenye kijiwe, na hicho kijiwe ndicho utakachokibandika.

Kazi ya kila wiki

Badilisha asilimia 10, yaani lita 3 kwenye tangi la 30. Maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya zamani. Zima hita kwanza, isije ikabaki ikiwaka hewani ikapasuka. Futa vioo, puliza vumbi kwenye mawe kwa pipeti, fyonza mchangani, rudisha maji polepole.

Mkaa amilifu usikosekane, gramu chache kwenye mfuko, ubadilishwe kila wiki tatu au nne. Matumbawe laini hupigana kwa kemikali: Sarcophyton na Sinularia hutoa terpeni majini za kuzuia jirani wasikue. Baharini zinachukuliwa na mkondo. Ndani ya lita 30 zinazunguka na kurudi, na mara nyingi tumbawe lililojifunga bila sababu hufunguka siku chache baada ya mkaa mpya.

Pima chumvi mara mbili kwa wiki, mengine mara moja. Alkaliniti 8 hadi 9 dKH (nyuzi za Kijerumani, kipimo chake) inafaa. Nitrati ibaki kati ya miligramu 5 na 15 kwa lita, fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Usikimbilie sifuri. Matumbawe laini hudhoofika kwenye maji yasiyo na kitu, na tangi lililosafishwa kupita kiasi ndilo hushikwa na dinoflagelati, uteute wa kahawia wenye mapovu ambao kuuondoa ni kazi ya miezi. Nitrati ikisoma sifuri, lisha kidogo zaidi au punguza kubadilisha maji.

Kuhusu samaki, tangi la lita 30 ni zuri bila samaki hata mmoja, na uchafu unakuwa mdogo. Ukimtaka, ngoja miezi mitatu au minne, umchukue gobi mdogo mmoja. Jozi ya samaki wa anemoni, Amphiprion ocellaris, inahitaji maji zaidi ya mara mbili ya hayo. Kamba wa Lysmata wurdemanni ana faida ya kula Aiptasia, japo wengine wakikosa chakula hudonoa polipu.

Kusoma dalili

Sarcophyton akijifunga, akang'aa kama amepakwa nta, usimguse. Anabanduka ngozi ya juu pamoja na mwani uliomshika, kazi inayoweza kuchukua siku chache hadi wiki mbili. Mwongezee mkondo kidogo imsaidie kumenyeka. Anayehitaji kuondolewa ni yule anayelainika, kugeuka mweusi na kunuka.

Uyoga uliosinyaa kuwa kifungo unakimbia mwanga. Ulionyooka juu kama kikombe unautafuta. Zoanthus wakijifunga eneo moja tu, tazama usiku kwa tochi nyekundu, huenda kuna kiumbe anayewadonoa. Vyote vikijifunga kwa pamoja, pima chumvi na joto kabla ya kufikiria jambo lingine, kisha ukumbuke kama kuna aliyepuliza dawa ya wadudu au manukato chumbani.

Umeme ukikatika, oksijeni ndiyo huisha mapema kuliko joto. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu na ipimwe kila mwezi. Usilishe wakati huo, na kama nyumba ni ya baridi, zungushia tangi blanketi.

Kukata

Baada ya miezi sita hivi matumbawe yataanza kugusana. Kwa Sarcophyton, chukua wembe mpya, kata kofia kwa pigo moja nje ya tangi, osha ute kwenye chombo cha maji ya chumvi yaliyotolewa tangini mpaka uishe. Kipande kifunge kwenye kijiwe kwa kijiti cha meno kilichochomekwa pembeni na raba iliyolegea, bila kukibana, kikibanwa kinakatika. Mama atafunga jeraha na kuchipua kofia nyingine. Siku hiyohiyo weka mkaa mpya na ubadilishe asilimia 20 ya maji, kwa sababu ukataji hutoa terpeni nyingi kwa mara moja. Usikate zaidi ya tumbawe moja kwa wiki katika tangi la ukubwa huu. Kipande kinashika baada ya wiki mbili au tatu. Kikiwa kimefungua polipu zake zote na raba imetolewa, kinaweza kusafirishwa kwa mfugaji mwingine kwenye mfuko wenye maji theluthi moja na hewa theluthi mbili.